Siku ya reli jijini Nairobi: Anzia mwisho wa njia

KILA shule zinapofungwa, wazazi wa mijini hujiuliza swali lile lile: watoto hawa tuwapeleke wapi? Wenye uwezo hupanga safari ya Mombasa, na wenye magari huenda kutazama wanyama mbugani. Waliosalia, ambao ndio wengi, huwaacha watoto wakodolee macho runinga na simu kutwa kucha, kisha jioni wakashangaa kwa nini nyumba nzima imejaa kelele na ugomvi.

Leo ukumbi huu unapendekeza matembezi ya siku moja ambayo hayataki gari wala hoteli. Ni matembezi ya kuzijua njia za reli za Nairobi. Huenda ukauliza, "Reli nayo ina nini cha kutazama?" Ina mengi. Jiji hili lina reli za upana wa aina mbili zinazokaa ujirani bila kuweza kupeana treni. Lina njia inayopita katikati ya soko na makazi ya watu, njia ambayo zamani iliitwa tramu, na njia inayopanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo mabehewa yaliwahi kuteremshwa kwa kamba. Watoto wetu wengi wamezaliwa na kukulia hapa lakini wanalijua jiji kupitia dirisha la matatu tu.

Hata hivyo, matembezi haya yana masharti yake, na asiyeyajua atarudi nyumbani na watoto wanaolia. Ndiyo maana tutazungumzia zaidi habari ya kupanga. Mipango si matumizi, lakini kwa treni, asiyepanga hana hata la kutumia.

Waelezeni kabla ya kuondoka

Usiku wa kuamkia safari, wakati wa chakula, waelezeni watoto kwa nini jiji hili liko hapa lilipo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa Mei 30, 1899. Wakati huo palikuwa na kinamasi na mto ambao Wamaasai waliuita kwa jina lenye maana ya maji baridi, na ndilo lililozaa jina Nairobi. Wajenzi walipapenda kwa sababu za kikazi tu. Palikuwa na maji ya injini, na ndipo palipokuwa na uwanda wa mwisho kabla ya reli kuanza kupanda milima kuelekea Kikuyu. Wakaweka ghala, karakana na vibanda vya wafanyakazi, kisha wakahamishia hapa makao makuu ya reli kutoka Mombasa. Maduka yakafuata, serikali ikafuata, na leo ni jiji la mamilioni ya watu.

Msiwafiche watoto upande wa pili wa habari hiyo. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli hiyo, na karibu 2,500 miongoni mwao walikufa kabla njia haijafika Kisumu mwaka 1901. Wenyeji wengi walioishi kando ya njia walipoteza ardhi. Wanandi waliupinga ukoloni na reli yake kwa miaka mingi, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Wakikuyu nao husimulia utabiri wa Mugo wa Kibiro, kwamba angekuja nyoka wa chuma akitema moto. Mtoto aliyelala na masimulizi hayo kichwani hataona vyuma vitupu kesho yake.

Treni haikungoji

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wazazi wengi hulisahau. Treni za abiria za Nairobi hazikuwekwa kwa ajili ya matembezi. Ziliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaolala viungani na kufanya kazi mjini. Kwa jumla basi, huingia mjini asubuhi na kutoka mjini jioni.

Baba atakayeamka saa tatu, anywe chai taratibu, kisha awafikishe watoto stesheni kuu saa tano akitarajia treni ya kwenda Kikuyu, atakuta shughuli za asubuhi zimekwisha. Atabaki akinunulia watoto njugu na kuwapa ahadi. Matatu hukungoja, tena hukuita na kukushika mkono. Treni haimjui mtu.

Dawa yake ni rahisi nayo ni hii: anzia mwisho wa njia. Panda matatu alfajiri hadi stesheni ya viungani, kisha uingie mjini kwa treni pamoja na wafanyakazi. Mtindo huu una faida tatu. Kwanza, anayepanda treni inapoanzia hupata kiti, ilhali anayepanda katikati husimama. Pili, watoto wataliona jiji likija kidogo kidogo, kuanzia mashamba au viwanda hadi maghorofa. Tatu, mtafika mjini mapema mkiwa na siku nzima mbele yenu.

Siku moja kabla ya safari, mzazi mmoja afike stesheni aulize mambo manne. Treni ya kwanza na ya mwisho kutoka kituo kile huondoka saa ngapi? Je, inafanya kazi siku hiyo? Nauli ni kiasi gani, na mtoto hulipa ngapi? Malipo ni kwa simu au kwa pesa taslimu? Ratiba za treni hizi hufuata siku za kazi, kwa hivyo usichague Jumapili au sikukuu kwa kukisia. Siku ya katikati ya juma wakati wa likizo ndiyo bora. Mzazi asiyepata ruhusa kazini anaweza kumwomba shangazi au mjomba wa watoto asiye na shughuli siku hiyo, kwani safari hii haimtaki mtaalamu.

Syokimau: Reli mbili majirani

Kwa familia yenye watoto wadogo, njia ya Syokimau ndiyo ya kuanzia. Ni fupi, karibu kilomita 16 hadi stesheni kuu, na hupita Imara Daima na Makadara. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012.

Hapo ndipo mtakapoona jambo la kwanza la ajabu. Karibu na stesheni hiyo pana kituo kikubwa cha treni ya Mombasa, Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria Juni 2017. Reli hizi mbili ni majirani, lakini treni ya huku haiwezi kupita kule. Reli ya zamani ina upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Ile mpya, ambayo sote tumezoea kuiita SGR, ina upana wa sentimita 143 na nusu. Abiria anayetoka Mombasa akitaka kufika katikati ya jiji kwa reli hana budi kushuka na kupanda treni nyingine.

Mtoto atauliza kwa nini wazee wa zamani walijenga reli nyembamba. Mwambie kwamba njia nyembamba ilikuwa ya gharama nafuu, na iliweza kupinda kwa ukali zaidi kwenye milima na mabonde. Njia pana nayo hubeba treni nzito na za kasi zaidi, lakini hutaka madaraja marefu na mahandaki. Ukitaka ushahidi, tazama daraja la SGR lililovuka Mbuga ya Wanyama ya Nairobi kwa karibu kilomita 6, likiwa limeinuliwa juu ili wanyama, hata twiga, wapite chini yake. Daraja hilo lilizua ubishi mkubwa kati ya serikali na watetezi wa wanyamapori. Watoto wa darasa la juu wanaweza kujadili nani alikuwa na haki.

Ajabu nyingine ni baadhi ya treni zenyewe. Kuanzia mwaka 2020, Kenya ilileta treni za dizeli zilizokuwa zikitumika katika kisiwa cha Mallorca nchini Uhispania. Ziliweza kutumika hapa kwa sababu kisiwa kile nacho kina reli ya upana wa mita moja. Treni hizo hazina injini inayokokota mabehewa. Injini zake ziko chini ya mabehewa yenyewe, na dereva akifika mwisho wa njia huhamia upande wa pili na kurudi bila kugeuza chochote. Mpe mtoto kazi ya kuchunguza: je, treni tuliyopanda leo inavutwa, au inajiendesha yenyewe?

Makumbusho ya Reli

Mkishuka stesheni kuu, kaeni kando kwanza. Umati wa asubuhi una haraka, na mtoto mdogo huweza kupotea kufumba na kufumbua. Subirini watu wapungue, mnywe chai, kisha mtembee kwa miguu hadi Makumbusho ya Reli, ambayo yako karibu na stesheni hiyo. Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1971.

Nje kumeegeshwa injini za zamani za mvuke, na watoto huzipenda kwa sababu hazina kioo cha kuwazuia. Zitafuteni injini mbili kubwa kuliko zote, nambari 5918 iitwayo Mount Gelai na nambari 5930 iitwayo Mount Shengena. Ni za aina iliyoitwa Garratt. Injini 34 za aina hiyo ziliundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 250. Ndizo zilizokuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja.

Ni vipi dude kubwa namna hiyo liliweza kupita kwenye kona kali? Waonyesheni watoto kwamba tangi la kuchemshia maji limening'inizwa katikati, na magurudumu yako makundi mawili, moja mbele na jingine nyuma. Kila kundi huweza kugeuka peke yake. Treni ikifika kwenye kona, injini hujipinda kama siafu mrefu anavyopita kati ya mawe.

Hapo pia pana behewa lenye habari ya kusisimua. Mwaka 1900, afisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alilala ndani ya behewa hilo huko Kima na wenzake wawili, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu. Zamu ya Ryall ilipofika, usingizi ukamshinda. Simba aliingia ndani, akamuua na kumvuta nje kupitia dirishani. Watoto wadogo sana wasisimuliwe hii karibu na wakati wa kulala.

Msisahau kubeba tepu ya fundi wa nguo. Palipo na injini iliyoegeshwa, mwombeni mhudumu ruhusa, kisha mtoto apime nafasi kati ya reli mbili, kutoka upande wa ndani hadi upande wa ndani. Atapata mita moja. Jambo alilopimia mwenyewe halisahau, hata likija katika mtihani baada ya miaka kumi. Upimaji huu ufanywe hapo peke yake. Njia zinazopitiwa na treni si mahali pa kupima wala kuchezea.

Njia ya kushuka kutoka Kikuyu

Kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, na kwa familia ambazo watoto wao wameshakomaa, njia ya Limuru na Kikuyu ina mafunzo zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, na Limuru ni zaidi ya mita 2,200. Ukipanda treni ya asubuhi kutoka huko unateremka zaidi ya nusu kilomita kwenda chini. Ndiyo maana reli inapindapinda namna ile. Kama ingenyooka kama barabara, injini za zamani zisingeweza kupanda.

Beba sweta, kwani Limuru asubuhi si mahali pa fulana. Beba pia ramani, ya karatasi au ya simu, uandike saa ya kufika kila stesheni. Jioni nyumbani utaweza kuhesabu mwendo wa treni kati ya kituo na kituo, na utajua wapi ilienda kwa kasi na wapi ilijikokota.

Mbele ya Limuru ndiko uliko ukingo wa Bonde la Ufa, uliowasumbua sana wajenzi. Walipofika hapo njia ya kudumu ilikuwa bado, na vifaa vya kujengea reli upande wa pili vilihitajika upesi. Wakajenga njia ya muda iliyoteremka moja kwa moja ukingoni, na mabehewa yakashushwa na kupandishwa kwa kamba za chuma. Njia hiyo ilitumika hadi reli ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901. Mwanafunzi wa fizikia akifikiria uzito wa behewa moja na mteremko ule, ataelewa kwamba waliofanya kazi pale hawakuwa wakicheza.

Kabla ya kufika mjini treni hupita Dagoretti, kisha Kibera. Hapa nyumba na vibanda vimesogea karibu sana na reli, na njia yenyewe hutumiwa na watu kama barabara ya kwendea kazini na sokoni. Reli hii imebeba pia machungu ya nchi. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waling'oa reli hapa Kibera, na mizigo ya kwenda magharibi mwa nchi na Uganda ikakwama. Kijana anayeipita leo na ajue kwamba vyuma vile viwili ni mshipa wa damu, na ukikatwa mahali pamoja maumivu husikika mbali.

Jioni, panda inayokwenda kwako

Baada ya chakula cha mchana wengi hutaka kuongeza njia nyingine. Hapa pana kanuni ya pili: jioni usipande treni ya kukupeleka mbali na nyumbani. Treni ya jioni ikishakufikisha Limuru au Ruiru, usitarajie nyingine ya kukurudisha usiku huo. Utaanza kutafuta matatu gizani na watoto waliochoka. Panda ile inayoelekea kwenu, au usipande kabisa.

Anayeishi Githurai, Kahawa au Ruiru ana bahati, kwa kuwa njia yake ina historia yake. Ilipofunguliwa mwaka 1913 ilikwenda Thika na iliitwa tramu ya Thika, ingawa ilikuwa reli kama reli nyingine. Baadaye iliendelezwa hadi Nanyuki. Treni ikipita Makadara, Dandora na Mwiki, wambie watoto wahesabu ni mara ngapi itapiga honi. Kila honi ina sababu yake: kuna mahali pa kuvukia, soko, au watu wanaotembea kando ya njia. Githurai wachuuzi wamekaa karibu mno na reli, na treni ikija huwalazimu kuondoa bidhaa zao upesi, kisha huzirudisha ikishapita. Nao wakazi wa Embakasi wana njia yao fupi inayoishia Embakasi Village.

Kwa familia yenye watoto wadogo ambayo nyumba yao haiko karibu na njia yoyote, kuna treni za kuunganisha stesheni kuu na kituo cha Madaraka Express kule Syokimau. Hizi hufuata saa za treni ya Mombasa, kwa hivyo huweza kupatikana hata nje ya saa za wafanyakazi. Ulizeni stesheni ni ipi itakayowapeleka na ni ipi itakayowarudisha, msije mkaachwa huko.

Adabu na usalama

Wazazi, hili naliweka peke yake kwa sababu ni zito. Treni ya dizeli haiwezi kusimama ghafla. Dereva akimwona mtoto njiani, hata akifunga breki zote, treni itaendelea mwendo mrefu kabla ya kutulia. Mtoto afundishwe kusimama mbali na ukingo wa jukwaa, asining'inie mlangoni, na asitoe kichwa wala mkono dirishani. Kuna watakaoning'inia mbele ya macho yake. Mwambie wazi kwamba wanakosea, hata kama ni watu wazima.

Watoto wawe na nambari ya simu ya mzazi kwenye karatasi mfukoni. Kila mtu mzima apewe watoto wasiozidi watatu, awajue kwa majina, na awahesabu kila wanaposhuka na kupanda. Vitu vya thamani viachwe nyumbani. Kabla ya kupiga picha stesheni, ulizeni askari au msimamizi, kwani maneno mawili ya adabu huokoa nusu saa ya maelezo.

Lipo na suala la heshima kwa watu. Wanaoishi kando ya reli si maonyesho. Mtoto asinyooshe kidole akicheka nguo zilizoanikwa au mlango wa mtu, wala asimpige picha mama anayeuza sukuma wiki bila kumwomba. Akipungiwa mkono na watoto wenzake walio nje, naye apunge. Akiuliza kwa nini wanaishi karibu na hatari namna ile, msimnyamazishe. Semeni naye kuhusu kodi za nyumba, kazi na ardhi katika jiji letu, kwa kiasi anachoweza kuelewa. Huenda mazungumzo hayo yakawa na faida kuliko safari yenyewe.

Mfano wa siku moja

Tuseme mnaishi Umoja na mna watoto wawili wa shule ya msingi. Usiku, fungasheni chapati au mihogo ya kuchemsha, mayai, maji, na sweta za watoto. Lalani mapema.

Alfajiri, pandeni matatu hadi Syokimau. Fikeni angalau nusu saa kabla ya treni, mlipe nauli na kutazama vituo viwili vilivyo jirani. Ingieni mjini kwa treni ya asubuhi. Saa mbili hadi saa tatu, chai na mapumziko. Kisha Makumbusho ya Reli hadi saa sita, kila mtoto akiwa na daftari na kazi tatu tu: achore injini moja, apime reli, na aandike swali moja ambalo hakulipatia jibu. Mkila mchana, pumzikeni chini ya mti.

Alasiri mna njia mbili. Kama watoto bado wana nguvu, ngojeni treni ya jioni ya upande wa Dandora au Makadara, mkijua kwamba itajaa na huenda mkasimama. Kama wamechoka, pandeni matatu mapema mrudi nyumbani. Siku iliyofupishwa watoto wakiwa bado wanacheka ni bora kuliko iliyorefushwa hadi wakalia.

Njia za Kikuyu na Ruiru ziwekeni kwa likizo nyingine. Asiyekubali kuacha kitu kwa ajili ya kesho huharibu na cha leo. Wanafunzi wanaotaka kuzimaliza zote wachague asubuhi tatu tofauti, njia moja kila siku, wawe kundi la watu wanne hivi, na kila mmoja awe na kazi yake: wa saa, wa ramani, wa maandishi, na wa pesa.

Mkirudi, usiulize "Mlifurahi?" kwani mtoto atajibu ndiyo na kwenda zake. Mwulize lile swali aliloandika kwenye daftari. Kama hamlijui jibu, mna sababu ya kwenda maktaba, au ya kumtembelea babu aliyefanya kazi reli na ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza chochote. Wazee hao wapo katika familia nyingi za jiji hili, na wanayoyajua hayakuandikwa kokote. Wahenga walisema tembea uone, lakini mwenye kuuliza njiani ndiye aonaye zaidi.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema, na msisahau kuuliza ratiba.